Mama Nelly Aaga Kwenda Mtakatifu Lusia

Kwa miaka thelathini na mmoja Apolonia alizalisha wanawake wa Shinyanga, na muda wote huo kila safari yake ilikuwa na sababu: semina, harusi, msiba. Alipostaafu akatulia nyumbani kwake Ngokolo na kugundua kwamba anataka kwenda Karibi, kisiwa cha Mtakatifu Lusia. Hakumwambia mtu kwa nini. Lusia ni jina lake la kipaimara. Alikiona kisiwa hicho kwenye ramani akiwa darasa la sita, kidogo kuliko punje ya mtama, akashangaa kuwa kuna watu wanaoamka ndani ya jina lake kila siku na wala hawamjui.

Binti yake Nelly, anayeuza simu Geita, alishughulikia pasipoti na tiketi. Hilo lilikuwa jepesi. Kazi ilikuwa kuaga. Katika ukoo ule, anayeondoka bila kuaga wakubwa hana wa kumlilia akipotea. Basi akaenda kwa mzee Mayala, kaka mkubwa wa marehemu mumewe.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, Mama Nelly. Nasikia unavuka bahari. Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi una ndugu huko."

"Sina. Nakwenda kutembea tu."

Mayala akaweka kikombe chini. "Mtu humtembelea mtu. Wewe unamtembelea nani, maji?"

Kwa kweli ilikuwa ni maji. Lakini mwanamke aliyezoea kuwafukuza wanaume wazima wasikaribie leba alijikuta akitafuta sababu kama mwanafunzi mtoro.

"Macho, shemeji. Nakwenda kutibiwa macho."

Mtakatifu Lusia ndiye mwombezi wa macho, kwa hiyo uongo wenyewe haukutoka mbali.

"Mayo! Si ungesema mapema!"

Huruma haikuchelewa. Mdogo wake Apolonia, Martina, akahamia pale nyumbani ili amshike mkono asijikwae kwenye kizingiti alichokivuka kwa miaka ishirini. Jirani, Eufrasia, akaleta kapu zima la karoti. Apolonia akaanza kutembea polepole, kwa heshima ya ugonjwa wake, na Jumapili jumuiya nzima ikakusanyika sebuleni kwake kumwombea. Sala ilipokwisha Mayala akasimama.

"Tumekaa kama ukoo," akasema. "Mgonjwa hatumwachi akahangaike ugenini. Mwanza yupo daktari wa macho. Alimtibu Jilala, na leo Jilala anatambua ng'ombe wake hata wakiwa upande wa pili wa mbuga. Hiyo tiketi irudishwe. Kesho Martina atakupeleka Mwanza."

"Amina," wakaitikia, ingawa sala ilikuwa imekwisha.

Apolonia akakiona kisiwa kikirudi kuwa punje.

"Shemeji, nimekudanganya," akasema. "Macho yangu ni mazima. Nataka kuyatumia kabla hayajaharibika kweli."

Martina akauachia mkono wake.

"Na karoti zangu?" Eufrasia akauliza.

"Zilikuwa tamu, mama."

Mtu akacheka, akajizuia. Mayala hakucheka. Alimtazama shemeji yake kwa muda mrefu, kama anayemtazama ng'ombe aliyemjua tangu ndama na ghafla amebadilika rangi.

"Miaka yote hiyo ulikuwa unaangalia vichwa vya watoto wetu vikitoka," akasema hatimaye. "Haya. Lakini huendi hivi hivi. Asiyetumwa ni mtoro."

Asubuhi yake akarudi na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa na mkewe.

"Mpe atakayekufungulia mlango. Mwambie vimetoka kwa Mayala. Akiuliza Mayala ni nani, mweleze, usiwe na haraka. Sasa una mtu wa kumtembelea."

Siku ya safari Nelly alipima begi, akatikisa kichwa.

"Mama, limezidi. Lazima kitu kibaki."

Apolonia akafungua zipu, akausogeza mfuko wa michembe pembeni, akatoa viatu.