Msimamizi wa Mitaro

Msimamizi wa mitaro wa baraza letu alishuka Same kutoka milimani, alikozoea kutunza ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Kamba ya kupimia aliyopewa na Bwana Shauri, afisa wa wilaya, aliifungia mbuzi. Yeye huchuchumaa, humimina maji ya kibuyu, huyafuata kwa kidole yanakoelekea, ndipo huchomeka kigingi. Mwaka jana mafuriko yalibeba nusu ya soko. Vuli hii mtaro wake umepeleka maji yote nyikani.

“Hongera, mzee! Maharage yangu hayajalowa,” Saada alimwambia kutoka kibandani kwake.

Mzee alikuwa amesimama mwisho wa mtaro, akiyatazama maji yakizama mchangani.

“Yote haya, bure?”

Akavua kofia yake ya serikali, akachotea maji hadi ikajaa, akaondoka nayo akitafuta shamba.