Beseni la Mwalimu wa Fizikia

Kila Jumanne mwalimu wa fizikia huingia darasani na beseni la maji, chaki sikioni. Huchomoa kizibo, hunyunyiza unga wa mbao, na maji yakizunguka kuelekea tundu hunong'ona kama yuko kanisani: "Muone! Shimo jeusi la kule juu iko vile vile. Hata mwangaza haitoke." Miaka kumi na moja ameamini hivyo. Jumanne hii Chancelle, wa dawati la mbele, alinyoosha mkono. "Prof, kama maji ingezunguka namna ingine, tungesema ni mbingu njo ilikosea, ao ni beseni?" Darasa likacheka. Mwalimu alirudisha kizibo, akakichomoa tena, akalitazama tundu. "Beseni," alisema. Kisha, polepole: "Basi beseni ikipatana na mbingu, inatuambia nini?" Maji yakaisha, naye alikuwa bado ameinama juu ya beseni.