Kitabu Nilichomtafutia Nkambo

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko nyingi ni ile niliyokwenda kwa miguu mpaka kituo cha utafiti wa kilimo, nje kidogo ya Kamina, kutafuta kitabu cha kumwokoa nkambo. Huyo ndiye bibi yangu, mama mzazi wa baba. Ulikuwa wakati wa Zaire, nami nilikuwa msichana wa sekondari, mwepesi wa machozi na mwepesi wa hasira.

Mdogo wangu Kasongo, mtoto asiyetulia, aliamka asubuhi moja akashindwa kusimama. Miguu yote miwili ilikuwa imekakamaa. Hakuwa na homa, hakuwa na kidonda. Zahanati walimtazama, wakatupa vidonge, wakaturudisha nyumbani. Kisha mtoto wa jirani naye akapatwa vilevile. Hapo ndipo watu walipoanza kumtazama nkambo kwa pembeni. Alikuwa mjane, alizoea kusemasema peke yake akipalilia, hiyo ikatosha. Baba mdogo akatamka lile neno mbele ya wote: mulozi, yaani mchawi. Nkambo alifunga nguo zake ndani ya kitenge, akaenda kwa dada yake, mji wa Kabondo-Dianda, kabla hawajamfukuza. Mama yangu alilia sana, maana alimpenda mkwewe kama aliyemzaa.

Maktaba ya kituo ilikuwa ya watafiti peke yao. Aliyeitunza aliitwa Tata Mwilambwe, mzee mpole mwenye abakosti, lile koti la wanaume wa enzi hizo, iliyopauka kwa kufuliwa. Sikumsalimu hata vizuri.

“Tata, minatafuta kitabu yenye kusema nkambo yangu si mulozi.”

Hakucheka. Alinivutia kiti, akasikiliza habari yote mpaka mwisho. Ndipo akaniambia, “Kitabu ya vile haiko, mwana. Na kama ingekuwa, weye usiisome. Tafuta kwanza ugonjwa. Ukitafuta tu yenye unapenda, utaipata, na mutoto atabakia vile.”

Maneno yale yaliniuma. Nilikuja kupata mtu wa upande wangu, naye ananifundisha.

Enzi hizo hakukuwa na kompyuta pale. Kulikuwa na kabati la droo ndogondogo zenye vikadi. Kila kikadi kilikuambia nani aliandika nini, na maandishi yenyewe yako maktaba gani, hapa au Lubumbashi au ng’ambo. Tata Mwilambwe hakufungua droo haraka. Aliuliza. Miguu inauma? Ilianza pamoja, yote miwili? Kisha: nyumbani mnakula nini?

“Tata, minyi ninasema miguu, weye unauliza bukari?” Bukari ndio ugali wetu wa muhogo.

“Minyi sijue bado, mwana. Njo maana ninauliza.”

Alipita kwenye vikadi vya magonjwa, asipate kitu. Akahamia kwenye vikadi vya muhogo, na huko akasimama kwenye kimoja, akakisoma, akakirudia. Kulikuwa na maandishi ya madaktari waliokuwa wameona miguu ya namna hiyo kule Bandundu. Lakini hayakuwapo Kamina. Aliniacha nimekaa, akaenda kwa mkurugenzi wa kituo kuniombea ruhusa yaagizwe. Alichomwambia sikukisikia, nilimwona tu akirudi na uso mwepesi, na fonii, ile redio ya kituo ya kupigia simu, ikaita Lubumbashi.

Karatasi zilipofika kwa treni tulizisoma pamoja. Kifaransa cha karatasi hizo kilikuwa kigumu. Mzee alinifasiria polepole. Zilisema hivi: ukame unapokuja na njaa kushika, watu hutoa muhogo mchungu kwenye maji unakolowekwa kabla ya wakati wake, sumu inabaki ndani, na siku baada ya siku inaharibu miguu ya watoto na ya kina mama. Nilisimama kwa furaha. Nkambo si mulozi! Kisha nikakumbuka jiko letu. Mahindi yalikuwa yamekauka mwaka ule, na mama alikuwa akiuopoa muhogo ungali mgumu ili tusilale na njaa. Furaha ikaniishia pale pale.

“Tata, mama nitamwambia nini?”

“Usimwambie mbele ya bantu. Kaa naye, umusaidie kazi, kisha umuelezee polepole. Karatasi haina huruma, mwana. Huruma utaitia weye.”

Nilimweleza mama tukimenya muhogo. Aliweka kisu chini, akaitazama mikono yake.

“Basi njo minyi nilimukata mutoto wangu miguu?”

Nilimkumbatia.

Baba mdogo naye akaelezwa. Alichukua baiskeli, akaenda mwenyewe Kabondo-Dianda kwa ile barabara mbaya, akarudi akiisukuma, nkambo amekaa nyuma. Nkambo hakumdai mtu msamaha. Alikwenda moja kwa moja kwa mama, akaishika mikono yake.

“Njala njo ilikuwa inakuharakisha,” alimwambia. “Weye ulikuwa unalisha batoto.”

Tangu hapo wanawake wa mtaa wetu waliuacha muhogo majini mpaka ulainike kabisa, hata tumbo lilie, na hakuna mtoto mwingine aliyekakamaa. Kasongo hakukimbia tena. Alijifunza kutembea kwa fimbo, akawa fundi wa kushona, akaoa. Lakini sitakudanganya kwamba alipona.

Wewe sasa chuo kimekupa neno la siri la kufungulia maktaba za dunia nzima ukiwa umekaa, na nafurahi. Nasaha yangu ni hii. Usiingie humo kutafuta wa kumlaumu, wala kutafuta unachokipenda. Uliza kwanza kama asiyejua, na usome hata kile kitakachokuuma. Ukimwona mtu asiye na ruhusa anasimama nje na shida yake, mwombee aingie. Na ukishapata ukweli, usiutupe mbele ya watu kama jiwe. Kaa chini na mwenyewe, mshike mikono, ndipo useme.

Mungu akulinde ulipo, mwanangu. Akupe akili tulivu na ulimi mpole, na kila nyumba utakayoipelekea ukweli ibaki nyumba moja.