Fundi Aliyekiri Hajui Kufunga Chaja ya Gari

Jumanne asubuhi nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kidevu ikiwa bado na povu, binti wa fundi wangu wa umeme aliponipigia simu kunijulisha kuwa mama yao amefariki. Moyo, alisema; alianguka jikoni Jumapili na hakuinuka tena. Wasomaji wangu hamkumfahamu. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Mvumi, ndiye aliyetandaza nyaya zote za nyumba yangu hapa Nzuguni. Nimemlilia, sikatai. Lakini kabla ya machozi nilishikwa na woga, kwamba aliyeijua hatari ya nyaya zetu ameondoka, na hadi naandika haya haujaniachia.

Niliponunua gari dogo la umeme, lililotumika, nilimwita yeye anifungie chaja kwenye ukuta wa nje wa chumba anacholala mama yangu. Alikigeuzageuza kile kisanduku, akasoma kibandiko chake, akakirudisha mezani taratibu. “Kaka, hii sijajifunza. Siifungi.” Nikacheka. “Dada, umeme si ni umeme tu?” Yeye hakucheka. “Pasi unaiwasha kidogo, unazima. Hii inavuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo, nanyi mmelala. Waya ukizidiwa nani atajua? Nipe muda nikajifunze.” Muda sikumpa. Nilikuwa na haraka ya mtu mwenye kitu kipya. Nikaletewa fundi mwingine, bwana mmoja mcheshi, na kabla chai tuliyomwandalia haijapoa, chaja ilikuwa imewaka taa ya kijani.

Kiangazi chote tulichaji bila shida. Kisha Jumamosi moja mchana, mvua imetoka kunyesha na gari limechomekwa, mama akatoka pekupeku kuanua kanga zake. Akashika mlango wa gari ili asiteleze, akaurudisha mkono kwa mshtuko. “Baba, gari lako linang’ata!” Nikadhani ni ganzi ya uzee. Nikampigia yule dada fundi simu, kwa mzaha tu, nimsimulie. “Mama yuko wapi sasa hivi?” akauliza. Nikamwambia amesimama palepale. “Mwite aje ndani. Usiliguse gari, usichomoe chochote. Vaa viatu vikavu ukazime swichi kubwa. Kaka, nenda!”

Alifika kwa bodaboda. Akamwamkia mama shikamoo, akaushika mkono wake na kuukagua kiganja kwa muda mrefu. Ndipo akafungua kisanduku. Waya wa ardhini, ule unaotakiwa kuupeleka chini umeme unaopotea njia, ulikuwa umekatwa na kukunjwa vizuri, haujaunganishwa popote. Ardhi yetu kavu ndiyo iliyotufichia kosa hilo miezi yote ile. Waya mkubwa nao ganda lilikuwa limeyeyuka, na ukuta wa chumba cha mama ulikuwa na joto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa. Dada akakaa chini kwenye matope. “Ilibaki kidogo, kaka,” akasema. “Kidogo sana.”

Baada ya hapo alikwenda kusoma kozi ya chaja, darasa moja na watu wa rika la wanawe. Aliporudi, hakuanza na nyumba yangu. Alianza kuzungukia nyumba alikowahi kufunga mashine za kupasha maji, kwa sababu huko darasani aligundua makosa yake mwenyewe. Alibisha hodi akisema, “Nilikosea, naomba nirekebishe.” Wapo waliomshukuru, na wapo waliotangaza mtaani kwamba kumbe hakuwa fundi, wakampa kazi mtu mwingine. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Yeye hakuuficha, nasi tukamcheka. Chaja yangu aliifunga mwisho, kwa siku mbili nzima, akipima kila hatua.

Tulimzika Mvumi. Miongoni mwa waombolezaji nilimwona yule bwana mcheshi, macho mekundu; kumbe naye alimheshimu. Nikamvuta pembeni. “Chaja ulijifunzia wapi?” “Niliangalia kwenye simu, mzee.” “Umefunga ngapi?” Akatazama juu kama anayehesabu, akaacha. “Nyingi. Nkuhungu zipo, Nzuguni zipo. Kwingine mwenye nyumba hata sikumwona, nilifunguliwa geti na dada wa kazi.” Nikamuuliza kuhusu waya wa ardhini. Akasema kwa sauti ndogo, “Nilidhani ni wa akiba.”

Ndugu msomaji, nilitamani kumfokea palepale makaburini. Sikumpigia kelele. Nilimsimulia habari za mkono wa mama yangu, naye akashika kichwa. Jumatatu ataanza kutupeleka nyumba anazozikumbuka, tukiwa na mwanamke aliyesoma kozi ile pamoja na marehemu. Zile asizozikumbuka ndizo zinazoninyima raha. Huenda moja ni ya kwako. Kama mtu alikufungia chaja na hukumuuliza amejifunzia wapi, zima leo, ita anayejua. Na tusimtupie bwana yule peke yake lawama. Mwanamke aliyesema hajui tulimwacha, tukamsifu aliyemaliza upesi. Sisi wenye nyumba ndio tuliowafundisha mafundi wetu kwamba haraka ndiyo ufundi, na somo hilo wamelishika vizuri mno.