Walivyoisafisha Ilimba Yangu

Mpaka leo mtu akiniambia muziki wangu "usafishwe kidogo" damu inanichemka. Neno hilo nililichoka miaka ile mashirika yalipokuwa yakiuzwa. Shirika letu nalo liliuzwa, bendi yake ikavunjwa, na mimi mpiga besi nikapunguzwa kazini pamoja na wengine. Gitaa la besi lilikuwa mali ya shirika, kwa hiyo lilibebwa kwenye lori moja na viti na feni za ofisini, na hakuna aliyeniuliza kama nina la kusema. Kilichobaki mikononi mwangu ni ilimba niliyoachiwa na marehemu mjomba. Ni marimba yetu ya Ugogo, sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba unavyobonyeza kwa vidole gumba.

Wenzangu wawili wa bendi walikuwa na nafuu. Mpiga kinanda alibaki na kazi yake serikalini, na alikuwa amejinunulia kinanda cha Kijapani cha mtumba, chenye ngoma na tarumbeta zote humo humo ndani. Mpiga gitaa alikuwa na gitaa lake mwenyewe. Wakapanga kwenda Dar es Salaam kurekodi kanda, maana studio za watu binafsi zilishaanza kuchipua, na redio mpya nazo zilikuwa zinatafuta cha kupiga. Upande wa pili wa kanda ulikuwa na nafasi ya kipande kimoja cha ala tupu.

"Tuletee kitu chako tukisikie," mpiga kinanda aliniambia.

Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Sikuwa na kazi wala besi, na niliona wazi kwamba nikikosekana kwenye kanda ile hakuna atakayeniita tena mwanamuziki. Ningebaki mtu wa Hombolo aliyewahi kupiga bendi.

Nilirekodi nyumbani kwa mama, Hombolo, kwa radio-kaseti yangu. Betri nilizianika juani kwanza ili zipate nguvu, radio nikaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, na blanketi nikalitundika mlangoni kuzuia upepo, maana upepo wa kwetu ukiamua kuingia kwenye kanda husikii kingine. Mama alikuwa uani anapepeta mtama. Usidhani ni mama tu wa kupepeta. Kwetu ile ngoma ndefu inayobanwa mapajani ni ya wanawake, na katika ujana wake mama aliipiga mpaka vijiji vya mbali vikawa vinamwita. Mtu wa namna hiyo hawezi kusikia ilimba akanyamaza. Nilipofika pale wimbo unaposhuka na kupumzika, akaingia kwa sauti bila maneno, mara moja, akatoka, akaendelea na ungo wake.

Sikumkatiza. Niliongeza pumziko lile ili akae vizuri. Ndivyo tunavyopiga kwetu: lazima uache mahali pa mwenzako kuingia, na usipoacha watu wanakuona mchoyo.

Kanda nikaipeleka mjini, Majengo, nyumbani kwa mpiga kinanda. Alisikiliza dakika mbili, akaizima.

"Inakwaruza," akasema. "Hedi ya radio yako ni chafu."

Akaleta pamba na spiriti, akasugua hedi ya radio yake, kile kichuma kinachogusa utepe wa kanda, kisha ya kwangu niliyokuja nayo. Kanda ikakwaruza vilevile. Nikamweleza kwamba huo mkwaruzo ndio wenyewe. Ilimba ina tundu, na juu ya tundu unabandika utando wa buibui, ule mweupe anaofungia mayai, ili kila chuma kikilia utando nao ulie. Akacheka sana. Akasema basi nimfukuze huyo buibui.

Mpiga gitaa alikuwa anatafuna karanga nilizowaletea. Akauliza, bila kuniangalia, "Pale mwanzo unakimbia. Nani anakukimbiza?"

Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikuwa nimepiga haraka nikiogopa betri zisiniishie njiani. Nilirudi Hombolo nimenuna, nikaurudia mwanzo polepole, na wimbo ukakaa kama mtu aliyepata kiti. Yule bwana alikuwa na sikio zuri. Ninalikubali hilo kwa shingo upande na sitalirudia.

Lakini niliporudi Majengo na kanda ya pili, mpiga kinanda alikuwa amepata kosa jingine. Akanikalisha mbele ya kinanda chake, akaniambia nibonyeze chuma kimoja cha ilimba, naye akawa anatafuta sauti ile kwenye vitufe vyake. Akakosa. Akajaribu chuma kingine, akakosa tena.

"Unaona? Hii sauti yako haipo," akasema.

Haipo. Mjomba aliipiga maisha yake yote, waliomfundisha waliipiga kabla yake, na haipo kwa sababu kiwanda cha Japani hakikuitengenezea kitufe. Ningemjibu hivyo leo. Siku ile nilikuwa naitaka nafasi kwenye kanda, nikatikisa kichwa kukubali. Tulikaa mchana mzima tukisukuma vyuma mbele na nyuma mpaka kila kimoja kikafuata kinanda. Utando nikaubandua kwa ukucha.

Nyumbani nikaweka radio juu ya ndoo, nikaanza kupiga. Wimbo uliposhuka, mama akaingia kama kawaida, akakatika. Akajaribu tena kwa juu, akajaribu kwa chini.

"Mbona inanikataa?" akauliza.

Nikarudia. Alisikiliza kidogo, akachukua ungo wake, akahamia upande wa pili wa nyumba. Nilikaa pale na ile ilimba yangu safi nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Nilimkasirikia mwenye kinanda, nikakikasirikia kinanda chenyewe, nikayakasirikia mageuzi yao yaliyoninyang'anya besi na sasa yalikuwa yanamtoa mama yangu uani kwake.

Nikamfuata. Nikamwambia, "Imba mama, mimi nikutafute."

Aliimba akilalamika kwamba ana kazi. Mimi nikavirudisha vyuma kimoja kimoja kwa jiwe dogo mpaka tukakutana. Utando mpya niliupata ghalani, nyuma ya kihenge. Tukarekodi kanda ya tatu, polepole, kwa mkwaruzo wake na kwa sauti ya mama mahali pake, na nilijua kwamba sijawahi kupiga vizuri hivyo.

Majengo waliisikiliza mpaka mwisho. Mpiga gitaa akairudisha nyuma, wakaisikiliza tena, kisha tena.

"Mwendo sasa umekaa," mpiga kinanda akasema. "Mkwaruzo na sauti zako, haya, umenishinda. Imebaki kumtoa bibi."

Huyu ni mtu aliyekula ugali wa mama yangu, akanawa kwa maji aliyomiminiwa na mama yangu, akamwamkia shikamoo na hata kujifunza kumwambia mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo, ili apendwe.

"Huyo ni mama," nikamwambia.

"Najua. Ndiyo maana nasema kwa heshima. Studio watatucheka, ndugu yangu. Tulisema ala tupu."

"Mimi ningemwacha," mpiga gitaa akasema, lakini aliziambia nyuzi za gitaa lake, na alipotazamwa hakurudia.

Nikaitoa kanda kwenye radio, nikawaambia waende bila mimi. Hakuna aliyeinuka kunizuia.

Walikwenda. Kanda yao nilikutana nayo Majengo sokoni, mwaka ambao mvua ilitunyima na mimi na mama tukaja kununua mtama tuliozoea kuulima. Radio ya muuza nafaka ilikuwa inapiga kipande ambacho vidole vyangu vilikitambua kabla ya masikio. Ulikuwa wimbo wangu, wote, kwenye kinanda. Waliusikiliza mara tatu mbele yangu na hiyo iliwatosha kuuchukua. Mkwaruzo haukuwepo. Mwendo walikuwa wameubakiza uleule wa polepole. Nilisimama pale na kikapu, sikujua nimtukane nani.

Wimbo ukashuka, ukafika kwenye pumziko. Mpiga kinanda alikuwa ameliacha lilivyo, kwa urefu uleule niliompimia mama. Hakujua ni la nini, na nadhani aliogopa kuligusa. Ndani yake hamkuwa na kitu, ila ngoma ya kinanda ikigonga peke yake.

Mama alikuwa ameinamia gunia, anachota mtama na kuuangalia kiganjani. Akaacha. Akainua kichwa kuelekea radio.

"Huyu anamngoja nani?" akaniuliza.

"Anakungoja wewe, mama."

"Basi atangoja sana," akasema, akamgeukia muuzaji na kumwambia debe lake halijajaa.