Siku Pikipiki ya Baba Ilipoitwa Yetu

Nina stashahada ya ufundi magari, na niliporudi Tarime nilijenga gereji ya matofali kwa jasho langu mwenyewe. Lakini harufu ya petroli iliyochanganywa na oili bado inanipandisha hasira.

Nilipokuwa mtoto, baba aliuza ng'ombe wake akanunua pikipiki iliyotumia mchanganyiko huo, na kila jioni aliipangusa taratibu kama anayembembeleza ndama. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, mwenyekiti alikuja kuichukua.

“Ndugu, hii sasa ni yetu sote.”

Bibi, mama yake baba, alitoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi. “Ndugu? Mimi nimezaa wanne. Wewe nilikuzaa lini?”

Watu walicheka. Mwenyekiti akapiga kiki mpaka shati likalowa jasho, kisha akamgeukia baba bila haya. “Ndugu, hebu niwashie.”

Baba aliiwasha kwa kiki moja, akaweka kiganja juu ya tangi, akakiondoa. Mwenyekiti akaanza kupanda kilima kwa gia ya kwanza, injini ikilia vibaya, na baba akawa anakimbia nyuma yake kwenye vumbi: “Weka ya pili! Weka ya pili, unaiua!”