Chungu Kimoja cha Wajane Wawili

Stoo yetu ya Isevya ilinuka dagaa wa Kigoma, majivu ya kuni na magunia ya katani yaliyowahi kulowana, na chini ya hayo yote, kama mtu anayeongea chumba cha pili, ilinuka lehemu. Kabla ya kuwa stoo, chumba kile kilikuwa karakana ya baba. Alikuwa fundi bati. Alikata makopo ya mafuta na mabati chakavu akatengeneza koroboi, vikaango, ndoo na madebe yenye vifuniko, na mlio wa nyundo yake ndio uliotuamsha asubuhi. Alipofariki, mlio ulikoma lakini harufu ilikaa. Mpaka leo nikipita karibu na duka la nafaka hapa Tabora, pua yangu inaitafuta ile ya nne na haiioni, nami naendelea na safari yangu. Sisikii uchungu. Huo ndio ukweli wa msimu ninaotaka kuusimulia: ulikuwa msimu ambao nyumba nzima haikusikia kitu, na bado watu wote walikula.

Baba aliugua homa siku chache tu, wakati wa mavuno, mpunga ukiwa tayari umeanza kuanikwa kwenye majamvi. Aliacha wajane wawili. Mke mkubwa, ambaye mimi na mdogo wangu Idi tulimwita Mama Mkubwa, alikuwa mwanamke mrefu wa hapahapa mjini, asiye na mtoto aliye hai. Mke mdogo alikuwa mama yetu, binti wa wakulima wa Lusu, Nzega, ambaye alisilimu alipoolewa. Wake wenza hawa hawakuwa wakigombana, ila hawakuwa pia na jambo la pamoja zaidi ya mume. Kila mmoja alikuwa na jiko lake upande wake wa ua, kuni zake, chumvi yake na mtoto wa kumtuma dukani. Kila jioni mimi nilitumwa kibaba cha unga na mafuta ya kupima, na mtoto wa jirani akatumwa na Mama Mkubwa vitu vilevile, duka lilelile. Tulinunua kidogo kidogo kwa bei ya juu, na hakuna aliyeliona hilo kwa kuwa baba alikuwapo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini hawakusema kwamba haba na haba pia hukimaliza.

Mdogo wake baba, ambaye tulimwita Baba Mdogo, alikuwa mkulima wa Ntalikwa mwenye familia kubwa. Hakuwa mtu mbaya. Baada ya hitima alikaa sebuleni na wazee wawili wa msikitini, wajane wakiwa nyuma ya pazia, akaeleza mpango wake kwa sauti ya mtu anayetoa msaada. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, nayo wataikalia hapahapa nyumbani kwa marehemu. Ikiisha, mke mdogo atarudi kwao Lusu, mimi na Idi tutahamia Ntalikwa kwake, na Mama Mkubwa atabaki na nyumba. Nyumba isiyo na fundi, alisema, haiwezi kulisha wanawake wawili na watoto. Kwa sasa rambirambi ya majirani igawanywe mafungu mawili, kila jiko na fungu lake. Nilikuwa nimeketi kando ya mama. Nilimtazama nione kama atalia kwa kusikia kwamba tutatenganishwa. Alikuwa anavuta uzi uliotoka kwenye mkeka, anauvuta taratibu, kana kwamba anayezungumziwa ni mtu mwingine.

Aliyejibu ni Mama Mkubwa. "Shemeji," alisema kupitia pazia, "usigawe. Chungu kimoja kitatutosha."

Baba Mdogo alimweleza kwamba wanawake wawili kwenye chungu kimoja hawamalizi mwezi. Mama Mkubwa akamwomba kwa adabu awaachie eda yote, na siku itakapoisha aje aangalie mwenyewe. Kama atakuta chakula kimekwisha, atuchukue. Wazee wakaona ni jambo la haki, Baba Mdogo akakubali, na mimi na Idi tukawa tumewekwa rehani kwenye chakula ambacho hata hakijanunuliwa. Nilikuwa na umri wa kuelewa hivyo. Nilielewa kama nilivyoelewa kwamba kesho ni shule.

Wajane wa eda hawatoki kwenda sokoni, kwa hiyo ilibidi soko lije nyumbani, tena kwa mara moja. Kaka yake mama, mjomba Maganga, ndiye aliyerudi Lusu na rambirambi yote. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, kijiji chao kimehamishiwa barabarani na nyumba zimepangwa mistari, na kusafirisha mazao kulihitaji kibali. Viongozi wa kijiji walimwandikia kwamba ni chakula cha wafiwa. Alikuja juu ya lori, ameketi kwenye magunia: mpunga, mahindi, maharage, karanga, na kigunia cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambacho bibi yetu alituma bila kuombwa. Vilinunuliwa shambani, wakati kila mtu ana vya kuuza, si wakati kila mtu anatafuta vya kununua. Dagaa tuliwapata kwa Mama Felista, jirani yetu Mkatoliki ambaye mumewe alifanya kazi reli. Yeye alikuja kumshika mama mkono, akakuta Mama Mkubwa anaulizia dagaa, na wiki iliyofuata treni ya Kigoma ikaleta gunia zima lililogawanywa kwa nyumba tatu. Sukari na sabuni hazikuwa za kupangia, maana zilipatikana duka la ushirika siku zikija, na zisipokuja watu walikunywa uji wa chumvi. Kila tulichoweza kukipangia kilipangiwa. Mama Mkubwa alichanganya maharage na majivu yaliyochekechwa ili wadudu wasiyaguse, akayamimina kwenye madebe aliyoyaacha baba. Mengine hayakuwa na vifuniko, kwa kuwa baba hakuwahi kuyamaliza. Hayo aliyafunika kwa sinia.

Babu yake Mama Mkubwa alikuwa mpagazi, mmoja wa Wanyamwezi waliobeba mizigo ya watu kutoka hapa hadi pwani na kurudi. Kwao ilijulikana kwamba msafara hauendi kwa hamu ya tumbo, unaenda kwa posho: kibaba kwa kichwa, kila siku, kiongozi na mbeba mzigo sawa. Hivyo ndivyo Mama Mkubwa alivyotupeleka. Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri aliingia stoo, akapima, akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo uliofungwa kwenye pindo la kanga. Alikuwa amekwisha kuamua juma zima lina ladha gani. Jumamosi maharage. Jumapili ugali na dagaa. Jumatatu mlenda wa karanga. Jumanne michembe iliyopikwa na karanga, chakula cha kwao mama. Jumatano kunde. Alhamisi nsansa, yale majani yaliyokaushwa ambayo yakichemka nyumba nzima inanuka kiangazi. Na Ijumaa wali. Maji ya maharage ya Jumamosi yalibaki kuwa mchuzi wa watoto Jumapili, ukoko ulilowekwa ukawa uji wa asubuhi, na pumba za mpunga zilikwenda kwa Mama Felista aliyefuga kuku, zikarudi mayai. Hakuna aliyeuliza leo tunakula nini. Idi, ambaye hakuwa amejua majina ya siku, aliyajifunza kwa tumbo.

Watu hudhani nyumba ya msiba inajaa vilio. Yetu ilijaa ukimya wa kawaida tu, kama ukimya wa chumba ambacho saa imesimama. Mama aliketi ukutani na nguo zake nyeupe, mchana kutwa, na jua likisogea yeye hakusogea. Akiwekewa sahani alikula. Isipowekwa, nadhani asingeidai. Mama Mkubwa aliketi naye, akamnyooshea tonge la kwanza mkononi, na baada ya hapo mkono wa mama uliendelea wenyewe. Mimi sikuwa na njaa wala shibe. Shuleni mwalimu alinishika bega na kuniambia nikitaka kulia nilie, nami nikajaribu kweli, kwa heshima yake, lakini hakikutoka kitu. Nilitafuna dagaa nikajua ni dagaa. Huko ndiko kulikokuwa kuhisi kwangu kote.

Kisha Jumatano moja, kiangazi kikiwa kimekauka kabisa na vumbi la barabara limepaka rangi mpaka majani ya mpapai, nilirudi kutoka shule nikasikia harufu isiyo ya siku ile. Mama alikuwa amesimama jikoni. Sikuwa nimemwona amesimama mahali pale tangu msiba. Alikuwa amechukua mchele wote wa Ijumaa, uliokwisha kutwangwa, kupepetwa na kuachwa jikoni, pamoja na ule wa Ijumaa inayofuata, akaupika kwa karanga zilizopondwa kama alivyokuwa akiupika zamu yake ilipofika na baba anakula kwake. Alipakua. Alituwekea sisi, akamwekea Mama Mkubwa, kisha akachukua ile sahani pana yenye ukingo wa buluu, akaijaza, akaiweka pale mlangoni ambapo baba alikuwa akikaa kupata upepo. Akaweka na maji ya kunawa pembeni. Halafu akasimama akiitazama sahani, na nikaona amejua.

Mama Mkubwa alikuja kutoka ndani, akatazama sufuria, akatazama sahani ile. Mchele wa wiki mbili ulikuwa unafuka mvuke mbele yake, na Baba Mdogo angekuja kuhesabu madebe. Alikaa chini kwenye mkeka wa sebuleni, akanawa.

"Leo ni Ijumaa," alisema. "Kaeni tule."

Idi alisema ni Jumatano. Mama Mkubwa akamwambia kwamba Ijumaa imewahi. Mama naye akakaa. Tulikuwa bado hatujafika nusu tuliposikia hodi ya Baba Mdogo. Wajane walijifunika na kuingia nyuma ya pazia, na yeye akaingia sebuleni akiwa na vumbi la Ntalikwa miguuni na neno fulani mdomoni. Kabla hajalitoa aliona wali katikati ya juma, wali wa kumwagika, na uso wake ukaanza kubadilika. Mama Mkubwa alimkaribisha kutoka ndani, akamwambia amekuja wakati mwema na chakula chake kipo. Kisha akaniambia mimi nimpelekee. Nikaiinua sahani ya baba kutoka mlangoni. Ilikuwa ya moto bado. Nakumbuka moto ule kwenye vidole kuliko ninavyokumbuka siku ya mazishi.

Baba Mdogo aliijua sahani. Aliitazama muda mrefu, akauliza taratibu ni nani aliyepika, nikamwambia mama. Akanawa. Akala yote, akapangusa ukingo kwa kidole kama alivyokuwa akifanya kaka yake. Lile neno alilokuja nalo aliondoka nalo. Wajane walibaki nyuma ya pazia hadi alipotoka, na Mama Mkubwa akaenda stoo kupanga upya siku zilizobaki. Ijumaa ile tulikula kunde. Iliyofuata tukala tena kunde, na michembe ikaongezwa, na karanga zikapunguzwa kidogo kila siku mpaka pengo likazibika. Mama hakukaripiwa hata kwa jicho.

Eda ilipokwisha wajane walioga, wakavaa nguo za rangi, na Baba Mdogo akaja pamoja na mjomba Maganga. Mama Mkubwa alifungua fundo la kanga akampa ufunguo. Aliingia stoo peke yake. Tulimsikia akigonga madebe kwa kifundo cha kidole, moja baada ya jingine, na mengi yaliitika kwa sauti nzito ya kitu kilichojaa. Alitoka na majivu kwenye mkono wa kanzu, akasema mnaweza kukaa.

Mama, ambaye miezi yote ile alikuwa akijibu kwa kutikisa kichwa, alimtazama. "Sikuwa nimeuliza, shemeji," alisema.

Mjomba Maganga aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Mimi nilingoja furaha ije, kwa kuwa nilijua ni saa yake, lakini ilichelewa sana. Ilikuja vipande vipande, miaka mingi baadaye, nikiwa kwenye mambo mengine kabisa. Wanawake wale hawakutenganisha tena majiko. Walikaanga karanga wakatuma zikauzwe stesheni, na kila mavuno waliungana na Mama Felista na nyumba nyingine za mtaa kununua magunia na kugawana. Mama Mkubwa alifariki nikiwa nimekwisha kuzaa, na aliyemkalia kitandani hadi mwisho ni mama.

Siku hizi mkwe wangu, Rehema, ananunua vitu kwa pakiti: sukari ya kikombe kimoja, mafuta ya kijifuko, unga wa jioni moja. Nikimwambia anunue gunia wakati wa mavuno anacheka, anasema duka liko mlangoni, mama, na halifungwi hadi usiku. Ni kweli. Wanangu hawajawahi kulala njaa, na sitaki mtu adhani ninatamani turudi kwenye uji wa chumvi. Ila kwetu sasa kila mtu anakula saa yake, mmoja chumbani, mmoja akiwa na simu mkononi, na sufuria linaweza kukaa hadi kesho bila mtu kujua nani hakula. Zamani tulikuwa na kidogo, na kidogo kile kilijua majina yetu.

Mama yupo, anaishi nami, ni mzee sasa. Anakula polepole na meno yaliyobaki. Mwaka huu, tukiwa tumekaa uani baada ya futari, nilipata ujasiri wa kumuuliza miezi ile ilikuwaje kwake. Alifikiri mpaka nikadhani amesinzia.

"Siikumbuki, mwanangu," alisema. "Hata siku moja siikumbuki. Ila lazima nilikula, maana nipo."